Uso Uliojaa Majina

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimeugeuza uso wa mtu kuwa nukta elfu mbili na mia nne, na tangu hapo sijaweza kutulia. Ndiyo maana nimefungua daftari hili. Nisipoandika nitamchosha mume wangu Munyaneza kwa maelezo, na tayari ameanza kujifanya anasikiliza redio.

Mimi ni Kabatesi. Nina kaduka ka fotokopi na picha za pasipoti, juu kidogo ya Petite Barrière, kivuko cha mpaka cha waendao kwa miguu. Kwa miaka kumi na moja nimewapiga picha watu wanaotaka karatasi za kuvukia Goma: nyuma peupe, masikio yaonekane, usicheke. Miaka kumi na moja ya kuwakataza watu kucheka! Kisha binti yangu Cyuzuzo, kabla ya kurudi chuoni Huye, akaniwekea Inkscape, programu ya kuchorea, kwenye kompyuta ya duka. Alisema ni ya bure na inachora kwa vekta, yaani mchoro haukai kama punje za rangi bali kama hesabu, kwa hiyo hata ukiukuza ujae ukuta haufifii. Niliitikia kama ninavyoitikia mahubiri.

Leo nimeelewa. Unaweka picha, unachora nukta moja juu yake, kisha unaiamuru izaliane safu kwa safu, na kila nukta iangalie rangi iliyo chini yake. Penye giza inanenepa, penye mwanga inakonda. Halafu unaitoa picha, na zinabaki nukta peke yake. Nilipozitazama kwa karibu niliona maharage yaliyomwagika. Nikarudi nyuma hadi mlangoni, na huyo hapo mtu, ananitazama! Nilipiga kelele.

Mzee Onésphore akaangusha brashi. Huyu ni mchora vibao, tunagawana chumba. Yeye yuko mbele, mimi nyuma. Amekulia Goma, na nusu ya saluni za pande zote mbili za mpaka zina maandishi yake.

"Mama Cyuzuzo, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Njoo uone."

Alikuja, akatazama, akajifuta vidole. "Bon. Ni ku-triche hiyo, ni kudanganya. Ni machine imechora, si we."

Nimemwambia ana wivu. Ana wivu kweli.

Jumanne, 9 Septemba

Umeme umekatika tangu saa tatu hadi saa kumi. Nimekaa naitazama kompyuta kama mtu aliyelazwa.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua zimeanza kwa fujo. Ziwa halionekani, ni kijivu tu mpaka huko.

Mteja wangu wa kwanza wa mapambo ni bwana mmoja wa kiwanda cha bia kule Rubona. Alitaka picha ya ukutani "lakini isiwe kama ya kitambulisho." Nikamtengenezea uso wa pembetatu mia tatu, kila moja na rangi yake. Leo amekuja kuichukua, akaisogeza mpaka puani.

"Mama, umenivunja kama chupa!"

"Rudi nyuma hatua tano."

"Hatua tano ni kwa barabara!"

"Basi nenda barabarani."

Akaenda, mvua ikimpiga, pikipiki ikimpigia honi. Nikaiinua picha mlangoni. Akasimama palepale, halafu akarudi meno yote nje. "Ni mi kabisa! Hata kiburi yangu iko!"

Ijumaa, 19 Septemba

Yule bwana wa bia ameleta wenzake watatu. Wote wanataka kuvunjwa.

Jumapili, 21 Septemba

Tumetoka Kanzenze kwa mama mkwe, Mama Nyirabagenzi. Anatimiza miaka themanini. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe moja Januari, kama wazee wote ambao karani aliwauliza wakakosa jibu, kwa hiyo familia imechagua Jumosi ya tarehe 6 Desemba, kwa sababu ndiyo siku padri ana nafasi. Kutakuwa na misa nyumbani, kisha chakula. Kila mtu akapewa jukumu. Kabla hawajanifikia nikasema: "Mimi nitaleta picha yake. Kubwa."

Mama Nyirabagenzi aliniangalia, akaendelea kuchambua maharage.

Niseme ukweli, maana hapa hanioni mtu. Nimeolewa katika nyumba ile miaka ishirini na miwili. Nimepeleka saa ya ukutani, blanketi, vitenge, picha ya Bikira Maria yenye fremu ya dhahabu. Hakuna hata kimoja nilichowahi kukiona sebuleni. Maua ya plastiki aliyoyaleta Mukabera, mke wa kaka yake Munyaneza, yapo katikati ya ukuta kama mfalme. Mukabera akiingia, yule mama anacheka hadi anakohoa. Mimi naingia kwa adabu zote, mikono miwili, "Shikamoo, Mama Nyirabagenzi," kwa sauti ya kusikika, na yeye anajibu "Ee" huku anatazama uani. Munyaneza anasema ndivyo alivyo. Si kweli. Ndivyo alivyo kwangu.

Nataka kitu kimoja tu: kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kitundikwe katika sebule ile. Na safari hii hataweza kukificha chini ya kitanda, kitakuwa kirefu kuliko kitanda.

Jumosi, 27 Septemba

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mitaro ya mtaa mzima. Nilikuwa nazibua huku nawaza nukta, pembetatu, au nini?

Jumanne, 30 Septemba

Nimepata! Nimepata!

Mzee Onésphore alikuwa anaandika kibao cha kinyozi. Nilimtazama anavyonenepesha herufi kwa mkandamizo wa brashi, kisha anainua mkono herufi ikakonda. Nene ni giza, nyembamba ni mwanga. Kwa hiyo uso unaweza kutengenezwa kwa maneno! Naandika mistari ya maneno juu ya picha yake yote, mingine minene, mingine myembamba kama uzi, naifanya herufi kuwa maumbo, kisha naikata picha kwa maumbo hayo. Inabaki picha ndani ya herufi tu. Kwa karibu unasoma, kwa mbali unamwona mtu.

Picha ninayo. Nilimpiga Pasaka bila yeye kujua, anacheka na Mukabera, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Munyaneza ameniandikia majina ya ukoo wao, wanaume wa vizazi vinne. Linalong'aa kuliko yote ni la babu yake, Ntibanyurwa, aliyelijenga boma lile. Wakikutana hawachoki kulitambia. Ni jina refu lenye herufi za kujaza. Nililipenda papo hapo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Aibu. Nimepeleka jaribio kwenye nyumba ya kuchapa mabango mjini, kijana akafungua faili, na mahali pa uso pana kisanduku kitupu chenye msalaba mwekundu. Nilipoingiza picha, programu iliniuliza kama niiunganishe tu au niipachike ndani. Nikachagua kuunganisha bila kusoma. Faili ikawa inakumbuka njia ya kwenda kwenye picha, na picha yenyewe imebaki kwenye kompyuta yangu.

"Mama, umeleta fremu, uso umeubakisha nyumbani," akasema kijana.

Nilikasirika hadi njia ya soko, kuanzia pale nikaanza kucheka peke yangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mzee Onésphore amekuja nyuma yangu bila kuitwa.

"Funga macho nusu," akasema.

"Kwa nini?"

"Funga kwanza. Unaona? Kipaji cha uso iko muzito sana. Anafanana na mutu amebeba jiwe."

Tulibishana nusu saa. Nilimwambia abaki na vibao vyake. Kisha nikafumba macho nusu, na alikuwa sahihi kabisa, jambo lililonikera. Nikakondesha kipaji. Akavuta kiti chake. "Fasi hii ya shavu ina mwangaza. Toa maneno, uache hewa." Nikatoa. Shavu likavimba likawa shavu!

"Machine haina macho," akasema. "We unayo. Na mi niko nayo."

Zamani nilidhani anaandika herufi tu. Kumbe miaka arobaini amekuwa akipima giza na mwanga.

Jumosi, 25 Oktoba

Umuganda tena. Mitaro ileile.

Jumatatu, 3 Novemba

Uso umetoka! Kivuli cha ndani ya mdomo kilinisumbua wiki nzima, kinataka weusi mzito. Leo nimelipanga pale jina Ntibanyurwa mara nne, nene, limebanana, na mdomo umefunguka. Anacheka! Nimezunguka dukani mara tatu. Mteja wa fotokopi akauliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Jumosi, 8 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Mukabera amekuja asubuhi kupiga picha ya pasipoti, anataka kuanza kuvusha vitunguu. Nilimpiga haraka haraka ili nimwonyeshe siri yangu. Nikamsimamisha mlangoni, nikageuza kioo.

"Mana yanjye!" Akapiga makofi. "Ni yeye! Ni yeye anacheka!"

Nilijiona nimekuwa mrefu. Akasogea. Akasogea tena, akaanza kusoma, midomo ikicheza. Halafu akajifunika mdomo kwa mkono.

"Ni nani alikupa hiyi majina?"

"Munyaneza. Ni ya ukoo."

"Na hii? Hii ya kwa kinywa?" Aliionyesha kwa kidole bila kuitamka.

"Ntibanyurwa. Baba mkwe wake."

"Usitaje!" Akatazama mlangoni kana kwamba yule mama amesimama pale. "Kabatesi, umefanya nini?"

Akanieleza, polepole. Mwanamke anayeolewa haliweki kinywani jina la baba mkwe wake, wala la mama mkwe wake. Ni heshima, wanaiita *gutsinda*. Wengi wa siku hizi wameiacha, yeye mwenyewe anaishika akiwa kule bomani tu. Lakini yule mama ameishika tangu siku alipoingia. Walipokuwa wakiishi Masisi, ng'ambo ya mpaka, karani mmoja wa kuandikisha watu alimuuliza baba wa mume wake anaitwa nani. Akanyamaza. Karani akamkalisha pembeni juani, na akakaa, hadi mume wake alipokuja jioni akalisema yeye.

"Miaka makumi sita hajaitaja," akasema Mukabera. "Na we umemujaza nayo kinywa."

Nilishusha pumzi, hata nikacheka kidogo. "Kama ni hilo tu, dakika tano naliondoa. Uzuri wa vekta ndio huo."

Hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu.

"Na ya kwake je?"

"Ya nani?"

"Jina yake yeye. We ni mukazana wake, muke wa mutoto wake. Unamuita nayo. 'Mama' na jina, 'Mama' na jina, mbele ya watoto, mbele ya wageni. Hata siku ya harusi yako, kwa mikro, watu wote wanasikia."

Nilikaa chini.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitano. Nililelewa na shangazi Tabora, kwa watu wanaomwita mwanamke mzima Mama na jina lake ili kumpa heshima. Neno Mama peke yake nililiweka kwa ajili ya mmoja, aliyeko kaburini. Nilidhani ninampa yule mwingine heshima kubwa kabisa niliyo nayo. Na nilitamka vizuri, jamani, nilitamka kwa sauti, herufi zote!

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulizani unajua. Tulisema, huyu wa Tanzania anajiona. Kisha miaka ikapita, na ni nani angeanza?"

"Na yeye?"

"Yeye? Aombe heshima kwa mutoto wake? Hapana."

Nimemuuliza Munyaneza wakati wa chakula. "Nilidhani unajua," akasema. Miaka ishirini na miwili? "Alinyamaza, nikadhani amezoea." Nimemwachia sahani yake nikatoka nje.

Kuanzia mstari huu sitaliandika tena jina lake. Nilifikiria kuyakata yaliyotangulia, nimeyaacha. Kosa nililifanya, libaki pale nilipolifanyia.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda misa. Mvua, nimesema. Haikunyesha.

Jumatatu, 10 Novemba

Sijawasha kompyuta. Mzee Onésphore ameniletea chai ya maziwa bila kuuliza kitu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefunga duka, nimekwenda Kanzenze peke yangu. Pikipiki iliniacha kwenye njia kuu na mvua ikanikamata katikati ya mashamba ya viazi, kwa hiyo nilifika nimelowa hadi kwenye mifupa. Hotuba niliyoitunga njia nzima ilikuwa imelowa pamoja nami.

Alikuwa kwenye nyumba ya jikoni, anachochea moto. Nikainama mlangoni, nikanyoosha mikono miwili.

"Mwaramutse, Mabukwe." Habari za asubuhi, mama mkwe, kwa lugha yao, bila jina.

Mkono wake ukasimama juu ya kuni. Maji yalikuwa yananichuruzika kwenye pua. Kisha akageuka.

"Ni nani alikuambia?"

"Mukabera."

"Imemuchukua miaka." Akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa. Karibu na moto. We utakufa."

Nikakaa. Nikasema, "Sikujua," na hotuba yote ikaishia hapo, nikaanza kulia kama mjinga. Yeye aliongeza kuni.

"Mwaka ya kwanza nilisema, anakusudia," akasema. "Mwaka ya pili nikaona hapana, huyu hajui. Lakini kujua haikunisaidia. Kila mara unasema ile neno nasikia kama mutu amenivua kitenge mbele ya watu. Nakasirika. Kisha nakasirika sababu nimekasirika juu ya mutoto hajui. Donc nikanyamaza."

"Na zile zawadi?"

"Ziko. Blanketi nalalia. Ile saa inatembea, iko ndani ya sanduku, naisikia. Ningeiweka kwa salon, pale wageni wanakaa, watu waulize nani ameleta? Ningesema nini? Yule ananitajaka?"

Nimemchukia mwanamke huyu miaka mingi, kichinichini, huku natabasamu. Na muda wote alikuwa analala na blanketi langu. Niliona aibu, na chini ya aibu nikaona furaha inachipua, sikujua niifanyie nini.

Basi nikamwambia yote, hata la mdomo. Niliogopa, lakini picha ile siwezi kuificha. Nikamweleza uso unavyojengwa kwa maneno, na neno gani nililiweka wapi. Alinitazama. Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka hadi akakohoa, nikampigapiga mgongo, mara ya kwanza kumgusa mgongo.

"Kwa kinywa kabisa! Weee! Na sasa utaweka nini?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza, Mabukwe."

Akasukuma kuni ndani. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Uso ni yangu," akasema. "Kwa nini ijae wanaume ba nyumba hii? Andika."

Nikatoa daftari hili, nikageuza kurasa za mwisho. Alianza na watoto. Munyaneza ameniambia siku zote kwamba wamezaliwa watano. Mama yake ametaja tisa. Wanne walifariki wadogo, wawili hawakumaliza mwezi. Aliwataja wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, sauti ileile, hai na wafu, wala hakuniambia yupi ni yupi hadi nilipouliza. Kisha wanawake sita aliolima nao Masisi. Kisha ng'ombe watatu aliowapenda, na mmoja aliyempiga teke akamvunja mkono.

"Huyo pia?"

"Weka. Huyo nilimuogopa kuliko padri."

Kisha visima, mashamba, rafiki aliyekuwa anacheza naye dansi kabla ya kuolewa. Majina hamsini na matatu. Mkono uliniuma na sikutaka aache. Mwisho akasema, "Na bakazana," akamtaja Mukabera, akapangusa majivu.

"Yako unaijua," akasema. "Andika mwenyewe."

Alhamisi, 13 Novemba

Nimefuta yote. Yote! Nimeanza upya, na sijawahi kufurahi hivi kuanza upya.

Jumatatu, 17 Novemba

Kila jina linatafuta mahali pake. Ng'ombe wa teke yuko kwenye nyusi. Wanawake wa Masisi wamebeba taya. Wale watoto wanne wadogo nimewaweka kwenye kipaji cha uso, penye mwanga mwingi, herufi nyembamba kuliko zote lakini zinasomeka. Mzee Onésphore alinijia juu:

"Ng'ombe kwa nyusi! Mama, we ni mutu wa namna gani?"

Halafu akakohoa kidogo, akasema herufi zangu za kompyuta ni baridi. Kama nataka, yeye anaweza kuandika alfabeti nzima kwa brashi, herufi nene na nyembamba. Nikamwambia tuiskani, programu itazifuatisha kingo zake na kuzigeuza vekta. Aliandika mchana kutwa akiwa ametoa ulimi nje. Nilipozikuza kwenye kioo, herufi A ikajaa kioo kizima, na kingo bado ni za brashi, na utetemekaji wa mkono wake upo. Aliitazama sana.

"Na hii ni ku-triche?" nikamuuliza.

"Hii ni kazi," akasema.

Jumanne, 18 Novemba

Umeme hakuna. Tumepanga majina kwa penseli.

Jumatano, 26 Novemba

Mdomo. Nimeujaza watoto watano walio hai, wanene, wamebanana. Anacheka vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza, naapa. Picha nimeipachika ndani, nimehakikisha mara tatu.

Ijumaa, 28 Novemba

Imechapwa! Mita mbili kwa moja na nusu, kwenye turubai ya mabango. Kijana wa kuchapa ameita wenzake kuja kuona. Nimeibeba mabegani kupita katikati ya mji na sikukubali msaada wa mtu.

Jumosi, 6 Desemba

Nimerudi kutoka Kanzenze, bado nina tope hadi magotini. Naandika kabla sijanawa.

Misa ilikwisha saa sita. Watu walikuwa kama sabini, wamejaa uani chini ya maturubai. Munyaneza na kaka yake wakaingia kuitundika picha sebuleni, mahali nilipopapima mwezi uliopita. Maua ya plastiki yalitolewa kwa heshima. Mabukwe akakalishwa chini yake, akiwa amevaa mushanana mweupe, vazi la sherehe. Nikavuta kitambaa.

Watu wakasongamana. Wakaanza kusoma! Mmoja anapata jina lake shavuni anapiga yowe, mwingine anamtafuta mama yake. Kaka yake Munyaneza alifika kwenye kipaji cha uso, akasoma majina manne, akavua kofia. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kabati kwa furaha.

Kisha nikamsikia Mabukwe. Yeye hajui kusoma. Alikuwa amegeuka kwenye kiti, shingo imepinda, anatazama juu.

"Mi niko wapi?"

Nikatazama picha, na mimi pia sikumwona. Niliona maneno. Sebule ile haina hatua tano, haina hata tatu. Nilipima ukuta, sikupima chumba! Miezi mitatu nawasukuma wateja barabarani wakajione, na ya kwangu nikaipeleka mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumwona.

"Naona alama tu," akasema Mabukwe. "Itoweni."

Munyaneza alinitazama. Akapanda kwenye benchi akaishusha, na mimi nikanyoosha mikono niikunje. Nilikuwa tayari nawaza nitakavyoirudisha mjini bila kuonwa.

"Wapi unapeleka?" akaniuliza.

"Nyumbani, Mabukwe. Nimekosea. Chumba ni kidogo."

"Chumba ndiyo ilikosea." Akashika fimbo akasimama. "Inje. Kwa ukuta ya mbele, chini ya bati. Mupigilie misumari mingi."

Wakatoka na nyundo. Yeye hakungoja wamalize. Alivuka ua akiwa ameshika mkono wangu, watu wakimpisha, akapita maturubai, akapita masufuria, akafika barabarani kwenye tope na mushanana wake mweupe. Hapo akageuka.

Nami niligeuka. Mbele ya nyumba yake, juu ya vichwa vya watu wote, alikuwa anacheka, jicho moja limefumba.

Mkono wake ulinikaza. Midomo yake ilianza kufunguka polepole, ikaenda hadi ikafanana kabisa na ya ukutani.

"Ni mi yule?"

"Ni ninyi."

"Niko muzuri," akasema, kwa mshangao, kama anayemsema mtu mwingine.

Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kuja barabarani, na kila aliyegeuka alipiga ukelele. Padri alikuja na sahani yake mkononi. Mzee Onésphore, niliyemwalika, alisimama na macho amefumba nusu. Ndipo mvua ikaanza. Munyaneza akakimbilia ngazi ili aiokoe picha.

"Iwache hapo!" Sikujua kwamba ana sauti kubwa namna ile. "Haichuji. Mi nimeishalowa zaidi ya hapo."

Mtu akamletea mwavuli. Wageni wakarudi chini ya maturubai, yeye akakataa. Wanawake watatu walikuwa wanapita kutoka soko la Mahoko na vikapu kichwani, wakasimama, wakatazama ukuta, wakamtazama yeye, wakatazama tena ukuta.

"Mukecuru, bibi yetu, nani amewachora hivi?"

"Kabatesi," akasema mama mkwe wangu. "Mukazana wangu. Huyu hapa."

Miaka ishirini na miwili, sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake. Nikawaamkia wale wanawake kwa mikono miwili.

"Anachora hata watu wa Mahoko?" akauliza mmoja.

"Anachora kila mutu. Lakini musiende kusoma pale karibu kama wale. Musimame hapa."

Akasogeza mwavuli upande wangu, nikaingia chini yake.